Darubini za Mafundi wa Breezy Hill

Kwa kuwa nimekereza chuma tangu ujanani, kwanza Tanga na sasa karibu na Boston, niliposikia kwamba wapo mafundi wa mashine waliojijengea kituo cha kutazamia nyota, sikutulia mpaka nilipokwenda kukiona. Jumamosi moja ya Agosti, siku za mwezi mwandamo, mimi na shemeji yangu tulivuka Mto Connecticut tukaingia Vermont, na adhuhuri ikatukuta Springfield, mji mdogo ulioishi miaka mingi kwa kutengeneza mashine za kukereza.

Juu ya kilima cha Breezy Hill imesimama nyumba ya mbao yenye rangi ya waridi, ambayo kwa macho yangu ingemfaa zaidi muuza peremende. Ukutani, chini ya paa, yamechongwa maneno ya Zaburi ya 19: mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu.

Mwanzilishi wake, Russell Porter, alizaliwa mjini humo, akasafiri mara kadhaa katika barafu za Aktiki, kisha akarudi kufanya kazi katika kiwanda cha Jones & Lamson chini ya James Hartness, bwana aliyekuwa na darubini yake nyumbani tangu 1910. Darubini ya kununua haikuwa kitu cha mshahara wa fundi; kwa hiyo mwaka 1920 Porter alianza kuwafundisha wenzake kusugua vioo vya darubini kwa mikono. Chama kiliundwa 1923, na 1926 watengenezaji darubini walikutana kilimani kwa mara ya kwanza.

Chini ya turubai, mzee mmoja alikuwa akilizunguka pipa polepole, akisugua kioo juu ya kioo, maji na unga mkali vikiwa katikati. Cha juu huingia ndani kama sahani, cha chini hubenuka. Alinipisha nijaribu. Kazini kwetu mtu hujisifu kwa kupima sehemu ya mia ya milimita. Hapa kosa la sehemu moja ya elfu kumi ya milimita hutosha kuharibu picha, nalo huondolewa kwa kidole gumba na subira.

Mtelemkoni ipo darubini iliyokamilishwa 1930, wakati Porter alikwisha kwenda California kusaidia kusanifu ile darubini kubwa ya mlima Palomar, yenye kioo cha upana wa mita 5. Ni kuba ya zege: vioo hukaa nje kwenye baridi, mtazamaji hukaa ndani, na sehemu ya juu huzunguka kama kichwa cha mashine ya kukereza. Nilipoiona nilicheka peke yangu, maana mkono wa fundi haufichiki.

Usiku tulipanga foleni gizani, kwa tochi nyekundu tu, hadi nikaiona Zohali na pete yake. Taa za gari haziruhusiwi kuwashwa kilimani, hivyo tulilala ndani ya gari. Shemeji ndiye aliyeniamsha saa nane, akinionyesha Kilimia juu ya miti.