Kimbilio na Kiu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kilichonilemea ni kiu. Nyumbani kwetu kuna mgonjwa wa muda mrefu, mnajua, na mmekuwa mkituombea. Tumemkimbilia Mungu kwa sababu hatuna pengine. Lakini nafunga, naomba, nasoma Zaburi ya 46, "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu," nikiinuka magotini moyo bado ni mkavu. Imekuwaje mtu awe ndani ya kimbilio na bado aone kiu?

Na swali hilo nikapanda nalo Newala kwenye msiba. Ukitoka Mtwara mjini nchi inainuka taratibu, mikorosho huku na huku, Nanyamba, Tandahimba, hata husikii kama unapanda. Halafu ukifika Newala ardhi inakatika ghafla. Nilisimama pale Shimo la Mungu, nikavua kofia. Genge linaporomoka, chini yake vichaka na makorongo, vilima nyuma ya vilima, na kule mbali bonde la Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Hakuna mkono wa mtu uliopanga vile. Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na pale huhitaji mhubiri akuambie.

Wazee wa Kimakonde husimulia kwamba watu walipanda huku wakikimbia vita na wakamata watumwa. Vichaka vya juu vilikuwa vizito, adui hapenyi. Walipona. Lakini udongo wa juu ni wa kichanga, mvua yote unaimeza. Mto hakuna, kijito hakuna. Maji yanatokea chini, kwenye mteremko na mabondeni. Basi waliopona juu iliwabidi washuke kila siku na kupanda tena. Siku hizi uko mradi wa maji wa Makonde, pampu zinayapandisha kutoka Mitema kule chini, na nyumba nyingi zina visima vya kuvunia mvua. Ila bomba likikauka na kisima kikiisha, njia ya bondeni ni ile ile.

Nilimwona mama mmoja akitokea kwenye njia hiyo. Kata ya khanga kichwani, juu yake ndoo ya lita ishirini, na juu ya maji ameweka majani mabichi ili maji yasimwagike. Shingo imekaza, jasho linamwingia machoni na hawezi kulifuta. Nilimwamkia, akaitikia kwa pumzi tu. Pale nilipokuwa nikishangaa uzuri, yeye alikuwa akihesabu hatua.

Hapo Roho akanikumbusha Daudi katika pango la Adulamu. Naye alikuwa ndani ya ngome, Mungu amemficha, na akaona kiu! Akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, kilicho karibu na lango. Mashujaa watatu wakapenya jeshi la Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akasema hii ni damu ya watu waliohatarisha nafsi zao.

Kwa hiyo ndugu yangu unayelia kama mimi, kiu yako si ushahidi kwamba Mungu amekutupa. Daudi aliona kiu akiwa amefichwa. Shuka ukateke. Ukiamka kesho, shuka tena.

Lakini sasa niseme na akina baba, maana hili limenichoma na siwezi kulinyamazia. Daudi aliyatazama yale maji akaona damu. Sisi tunaona nini? Tunaoga, tunakunywa, tunanawa tukiingia ibadani, na ndoo imekuja kwa shingo ya mama mjamzito au ya binti aliyechelewa shule. Kisha tunasimama madhabahuni kuhubiri maji ya uzima! Baba mwenye pikipiki uani, mkeo anatembea na ndoo kichwani, unamwomba Mungu akubariki nini? Tena wale mashujaa walikuwa wanaume, na waliyemtekea maji ni mwanamume mwenzao. Usiniambie mila. Mila isiyomhurumia mwenye mzigo haikutoka kwa Yule aliyesema, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo."

Mzee wa kanisa, anza wewe. Vijana watakufuata wakikuona, hawatakufuata wakikusikia tu. Na mama zetu, msiwazuie kwa kuona haya. Mwacheni baba abebe.

Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, akina baba wa jumuiya yetu tutakwenda kwa yule mama mjane aliye jirani na kanisa. Tenki lake limepasuka na bomba la mtaani halitoi. Mwenye baiskeli aje nayo, mwenye dumu aje nalo, fundi wa saruji tunaye. Na mgonjwa wetu endeleeni kumtaja mbele za Bwana.