Nani bado anaweza kumwamsha mwenzake?

Leo nimeshinda na draiva moja ya Linux, yaani programu inayoendesha kifaa, macho yakiwa zaidi kwenye funksheni inayoitwa kifaa kinapoondoka. Sehemu ya kuwasha niliipita haraka, maana kasoro za huko hazijifichi: kifaa kikikataa kuwaka, mtu analalamika siku hiyohiyo. Kuzima ndiko kunakonikosesha usingizi. Njia hiyo hupitwa mara chache, pengine mtu anapochomoa waya wa USB au anapoondoa moduli, yaani draiva yenyewe, na kasoro ya nyuzi mbili (kazi mbili zinazotekelezwa kwa wakati mmoja) kukimbizana inaweza kukaa humo miaka mingi bila kuonekana.

Draiva hii ina watendaji watatu. Kuna intarapti, yaani ishara ya kifaa inayokatiza kichakataji kiishughulikie, kuna taima inayokagua hali yake, na kuna kazi inayowekwa kwenye foleni itekelezwe baadaye. Taima ikifikia wakati wake, inaiweka kazi kwenye foleni. Kazi ikikaribia kwisha, inaitega taima upya. Intarapti nayo inaiita kazi hiyohiyo. Wakati wa kuondoka, aliyeandika ameita timer_delete_sync ya kufuta taima, kisha cancel_work_sync ya kufuta kazi, kisha kfree ya kuachia kumbukumbu yao. Ukisoma mstari mmoja mmoja utaridhika kabisa.

Sasa chukulia kwamba taima inafutwa wakati kazi iko katikati. Kazi inaendelea, inafika mwisho wake na kuitega taima tena. cancel_work_sync inaisubiri imalize, kama inavyopaswa. Kisha kumbukumbu inaachiwa, taima ikiwa bado imetegwa ndani yake. Wakati wake ukifika, kerneli, yaani kiini cha Linux, inagusa mahali ambapo huenda pameshapewa mwingine.

Kugeuza mpangilio hakusaidii. Ukianza na kazi, taima inapata nafasi ya kuirudisha kwenye foleni kabla haijafutwa. Huu ni mduara, na mduara haukatwi kwa kubadilisha mistari miwili. Ndiyo maana nilifurahi sana timer_shutdown_sync ilipoingia katika toleo la 6.2, mwaka 2023: baada ya kuiita, jaribio lolote la kuitega taima ile linapuuzwa. Hapo cancel_work_sync ikifuata, mduara umekatika kweli.

Intarapti bado imebaki, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Imesajiliwa kwa devm_request_irq, ambayo hujisafisha yenyewe. Inapendeza, lakini usafi huo hufanyika baada ya funksheni ya kuondoa kifaa kurudi, na kfree imo ndani ya funksheni hiyo. Kwa hiyo kuna kipindi, hata kiwe kifupi namna gani, ambapo kumbukumbu imeachiwa na intarapti bado inaweza kuingia na kuiita kazi. Nimependekeza kifaa kiamriwe kwanza kuacha kutuma intarapti, halafu iitwe devm_free_irq waziwazi, kwa kuwa yenyewe husubiri intarapti inayotekelezwa imalize. Baada ya hapo ndipo taima, kisha kazi, kisha kumbukumbu. Sharti ni kwamba kazi yenyewe isije ikakiruhusu kifaa kutuma intarapti tena. Nimeisoma yote kuhakikisha, hairuhusu.

Kuna pendekezo la kuongeza kufuli, ili mtendaji mmoja tu apite kwa wakati mmoja. Silikubali. Kufuli hilo lingekaa ndani ya kumbukumbu ileile inayoachiwa, kwa hiyo anayechelewa angekuja kulishika mahali lisipokuwepo tena. Na tukilishika huku tunaita cancel_work_sync, wakati kazi nayo inalihitaji, kila upande utamsubiri mwenzake milele.

Zana zipo na ninazithamini. KASAN, inayonasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, imo kwenye kerneli tangu toleo la 4.0, mwaka 2015, na KCSAN, inayonasa nyuzi zinazokimbizana, tangu 5.8, mwaka 2020. Ila zote mbili huona kile kilichotekelezwa mbele yao, na mpishano huu unahitaji taima, kazi na kuchomoa waya kukutana katika nukta moja ya wakati. Jaribio linaweza kupita safi siku nzima. Kwa hiyo nasoma, nikiuliza kila mtendaji: baada ya mstari huu, nani bado anaweza kukuamsha?

Swali hilo halijajibiwa kwa mtu mmoja: programu ya mtumiaji iliyolifungua faili la kifaa na bado haijalifunga. Waya ukichomolewa, programu ile inabaki na faili mkononi, na ikiita kusoma itaingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu iliyoachiwa. Hapo mpangilio wa mistari hautoshi. Inahitajika hesabu ya wanaoitumia kumbukumbu hiyo, kwa kref, kihesabu cha kerneli, ili wa mwisho ndiye aiachie. Nimemwandikia mwenye draiva hilo peke yake, mbali na mengine, kwa sababu litamlazimu kubadilisha muundo wote wa data.