Picha inakwenda kwa bingwa, mgonjwa habanduki

Mimi ni muuguzi wa macho katika kituo kisicho na daktari bingwa. Kwa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, upungufu huo ni hatari. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi, huanza kula uwezo wa kuona pembeni, na kilichopotea hakirudi. Mtu anakusomea herufi zote ukutani, kumbe neva, mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, imeshaharibika vibaya.

Siku hizi namkalisha mgonjwa mbele ya kamera na kupiga picha ya neva ya kila jicho. Naambatanisha presha niliyopima, kipimo cha uwanja wa kuona, dawa anazotumia, na kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anaugua. Bingwa anasoma akiwa huko aliko, kisha ananijibu. Picha iliyofifia huirudisha, na anafanya vyema. Heri nirudie kuliko yeye akisie.

Napigania sana hiyo picha, kwa sababu wapo wenye presha ya jicho chini ya milimita 21 za zebaki, tunayoihesabu ya kawaida, na bado neva inazidi kufa. Ukiweka picha ya mwaka jana kando ya ya leo, ukaona kishimo cha katikati ya neva kimepanuka, ubishi umekwisha.

Simu ya video nayo imenifunza kitu. Mama mmoja alilalamika kwamba dawa inaisha kabla ya mwezi. Nikamwomba adondoshe nikimtazama: matone yakawa yanateremka shavuni. Tukaanza upya. Vuta kope ya chini, tone moja tu, fumba jicho, bonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika 2. Na kabla ya timolol, dawa ya matone ya kushusha presha ya jicho, huwa nauliza habari za pumu, hata kama foleni ya simu ni ndefu, maana dawa hiyo inaweza kumbana mtu kifua.

Kuna yasiyofanyika kwa mbali. Kukagua pembe ya jicho, yaani sehemu ya ndani ambako maji ya jicho hutokea, kwa lenzi maalumu, leza na upasuaji vinamtaka mgonjwa mwenyewe afike, nasi humwandalia rufaa mapema. Na jicho likiwa jekundu, likauma sana, ukaona duara za rangi kuzunguka taa, ukatapika, usitume picha wala kusubiri jibu la mtu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.