Siku moja na ufunguo wa piano, Lubumbashi

Saa 12 asubuhi. Agosti ya kwetu ni vumbi na midomo iliyokauka, na simu imejaa ujumbe wa sauti. Wengi wanalia kilio kimoja: "Fundi, piano imeharibika." Haijaharibika. Kiangazi kimefyonza unyevu kwenye mbao, ubao wa sauti umelala kidogo, nyaya zikalegea nao. Mvua zikikolea, Januari na Februari, sauti itapanda tena.

Anayeuliza bei namwomba kwanza picha ya ndani, na aniambie ililinganishwa sauti lini mara ya mwisho. Kisha nampa bei mbili: ya kawaida, na ya piano iliyoshuka sana, ambayo lazima ipitiwe mara mbili. Akizijua kabla sijapanda teksi, hatununiani mlangoni wakati wa kulipana.

Saa 2. Parokia moja huko Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi ya Nairobi). Akina mama wa usafi wanavuta mabenchi. Nawaamkia, nawaomba waanzie uani, kwa sababu nahitaji ukimya. Kazi yangu ni ya sikio. Benchi moja likikwaruza sakafu, nimepoteza nilichokuwa nasikiliza.

Nagonga diapazoni, ule uma wa chuma wa kupimia sauti, gotini: noti ya La, mitetemo 440 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya piano kila noti ina nyaya tatu. Nazuia mbili kwa utepe wa sufu, naweka sawa ya katikati, halafu naziachilia zile nyingine moja moja. Nyaya mbili zikikaribiana bila kukutana zinatoa waa-waa-waa. Unasukuma ufunguo, ule mpini unaozungusha pini za kukazia nyaya, kidogo mno, karibu usione mkono ukisogea, na lile waa linapungua kasi, linarefuka, linaisha. Vibonyezo ni 88, lakini nyaya ni kama 230, na zote kwa pamoja zinavuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani 18 hivi. Ndiyo sababu ya kupita mara mbili: ukikaza upande mmoja, ule uliomaliza umeshasogea.

Saa 6. Bukari (ugali) na ndakala (dagaa), haraka. Simu kutoka shule moja: waya wa besi umekatika, na fundi wa umeme wa jirani amejitolea kutengeneza mwingine. Nimewasihi wasijaribu. Waya wa besi ni feleji ngumu ndani, umezungushiwa shaba nje, na unene wa vyote viwili una kipimo chake. Tunaishi juu ya shaba, malori yanaipeleka mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, lakini huo waya inabidi niuagize ng'ambo.

Saa 8. Mtaa wa Golf, kwa muzee mmoja mstaafu. Piano ya ukutani, ya zamani, imewekwa dirishani inakopigwa jua la mchana kutwa. Nafungua, najaribu pini za juu: nyingine zinazunguka nikisukuma ufunguo kwa vidole viwili tu. Mbao inayozishika imepasuka kwa ukavu. Hapa ndipo mteja anapopatikana au anapopotea, maana ningeweza kuikaza hadi 440, nikapokea pesa, na kabla ya Jumapili ingekuwa imeshuka.

"Muzee, hii haitashika 440."

"Sasa umekuja kufanya nini, mwanangu?"

"Nitaishusha nusu toni, kama 415. Yenyewe kwa yenyewe itakubaliana vizuri."

Akakunja uso. Mjukuu wake hupiga pamoja na kinanda cha umeme cha binamu yake, zikitofautiana itakuwa kelele. Nikamwita yule binti. Kinanda chake kina kitufe cha kuhamisha sauti? Kinacho. Basi weka kwenye moja chini ya sifuri, mtakuwa pamoja. Wakajaribu palepale, noti moja moja, hadi muzee akaanza kucheka. Nikamwambia pia kwamba 440 yenyewe haikushuka kutoka mbinguni: Ufaransa iliweka 435 kisheria mwaka 1859, na hii ya leo ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Hilo lilimpendeza kuliko kazi yote.

Kubadilisha pini kwa zilizo nene zaidi kunawezekana. Nimempa gharama, aamue na watoto wake bila haraka. Leo tumeihamisha tu hadi ukuta wa ndani. Bakuli la maji chini ya piano wakati wa kiangazi linasaidia kidogo, lakini liondolewe mvua ikianza. Wengi husahau hilo la pili.

Saa 11 jioni. Pesa imeingia kwa simu. Kwenye teksi najaza daftari: sauti niliyoikuta, niliyoiacha, pini zipi legevu, nani wa kupigiwa baada ya wiki mbili. Kumpigia mteja ambaye hajalalamika kumeniletea kazi kuliko kibao nilichopachika barabarani.

Saa 2 usiku. Umeme umekatika, najibu ujumbe kwa taa ya kichwani. Padri anataka piano ya Noeli ilinganishwe wiki hii "ili tusisumbuke baadaye". Nimemwandikia asilipe sasa. Mvua za Novemba zitaivuruga yote. Nimempangia wiki ya pili ya Desemba, siku ambayo kwaya haina mazoezi.