Kilo ya halua niliyolipa kwa kutojua kuhesabu korona

Nimefundisha hisabati miaka 19, na aliyenifunza kusoma takwimu za korona ni shemeji yangu, muuza samaki aliyekimbia shule darasa la sita. Yeye mwenyewe simwambii.

Shule zilipofungwa Machi 2020 nilibaki kukaa tu nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa. Nikapora daftari la mwanangu, kila alasiri nikawa naandika idadi ya visa vipya anayoisoma Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, kwenye televisheni. Nikachora grafu nyuma ya kalenda kuukuu, kwa kalamu nyekundu, nikaibandika sebuleni. Wapwa wakaanza kuniita Profesa. Badala ya kuwakanya, nikaitika.

Mwisho wa Aprili, Ramadhani imeshaingia, visa vipya vilikuwa vikichezacheza chini ya 20 kwa siku. Mstari wangu ukalala kama paka aliyeshiba. Usiku mmoja baada ya futari nikatangaza kwamba ugonjwa umekwisha, Idi tutapeana mikono. Shemeji akasema, "Mwalimu, wewe wahesabu samaki wa mezani." Nikamcheka. Tukawekeana kilo ya halua (si kamari, ni ahadi tu, msinihukumu).

Wiki ya kwanza ya Mei wakatangaza zaidi ya 40 kwa siku moja, na Mei 6 mtaa wetu wenyewe ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Nikalipa. Bei siikumbuki, uchungu naukumbuka. Akaila mbele yangu, taratibu, kahawa mkononi, akilamba kidole kimoja kimoja, na alipomaliza ndipo akanifafanulia.

"Kusi likivuma, mashua kumi hubaki pwani, hutoka mbili. Soko halina samaki. Utasema bahari imekauka? Uliza kwanza zimetoka mashua ngapi."

Lo! Idadi ya mashua Waziri alikuwa akiisoma kila siku: sampuli zilizopimwa. Mimi nilikuwa nairuka kwa sababu kalenda ilikuwa ndogo. Nikaongeza safu. Tuseme leo wamepima sampuli 1,000 wakapata watu 20. Kesho vitendanishi (dawa za kupimia) vimepungua, wamepima 400 wakapata 12. Redio itasema visa vimeshuka, na daftari litasema vimepanda kutoka 2 kwa mia hadi 3 kwa mia. Na siku moja pekee siiamini tena. Hujumlisha visa vya siku saba, nikavigawa kwa sampuli za siku hizo saba, la sivyo utapandwa na presha bure.

Hata hesabu hiyo ina hila zake. Siku ambayo sampuli nyingi ni za madereva wa malori wa mipakani, Namanga na Malaba, si sawa na siku wanapopimwa watu wa mitaani. Shemeji tena: ukitupa wavu mwambani utapata samaki aina ya changu, usije kuniambia bahari nzima ni changu. Na hapa kwetu wako waliojifungia vyooni waliposikia wapimaji wanapita, wakiogopa karantini na bili yake. Hao hawamo katika daftari la yeyote.

Kulikuwa na jirani aliyenichosha kwa jumbe za WhatsApp. Kafyu imeanza Machi 27, siku ya tatu yeye keshatangaza kuwa imeshindwa, eti visa bado vinapanda. Nikamwambia amtazame mgonjwa wa kwanza wa Kenya: aliingia nchini Machi 5 akitoka Marekani kupitia London, akatangazwa Machi 13. Siku nane! Idadi unayosomewa leo ni ya walioambukizwa wiki iliyopita au kabla yake, kafyu ya juzi haijafika humo. Hakunielewa. Akanitumia ujumbe mwingine, wa tangawizi.

Juni shangazi alinipigia simu kutoka Tanga, furaha tele. Kwao idadi imesimama 509 tangu Mei, haijaongezeka hata mmoja, na sisi Wakenya tumezidi kujitangaza. Nikaweka simu kwa sauti ili shemeji asikie. Mdomo ulikuwa umejaa mahamri, akameza kwanza.

"Shangazi, shikamoo. Na mashua?"