Kwa Miguu hadi Pugu, Katikati ya Kwaresima

Tulitoka Buguruni, Dar es Salaam, kwenda kuhiji Pugu kwa miguu, saa tisa na nusu usiku, Jumamosi ya tarehe 29 Machi mwaka 2025. Siku nyingine saa hiyo mitaa yetu huwa ya walinzi na mbwa tu, lakini Ramadhani ilikuwa ukingoni na nusu ya nyumba tulizopita zilikuwa macho. Taa zinawaka, sufuria zinagongana, harufu ya maharage ya nazi inatoka madirishani. Majirani walikuwa wanakula daku. Mzee mmoja aliyekuwa ananawa mikono barazani alituona na msalaba wetu, akauliza, "Ndiyo safari ya Pugu hiyo?" Tukamwitikia, tukampa shikamoo. "Marahaba. Haya, nendeni salama, na sisi mtuombee." Tukamwahidi.

Mwaka huo Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Kwa hiyo Dar es Salaam ilifunga mara mbili kwa wakati mmoja. Kazini kwetu mama ntilie alipunguza sufuria tangu wiki ya kwanza, maana Waislamu hawapo mchana, na Wakristo nao wengine wamejinyima. Nilipenda sana jambo hilo. Kufunga ukiwa peke yako ni kazi ngumu, lakini kufunga katika mji ambao nusu yake nao wamefunga kunakupa adabu fulani, unaona haya hata kulalamikia njaa.

Msafara wetu ulikuwa wa jumuiya ndogo ndogo za parokia yetu: vijana, akina baba wachache kuliko ilivyopasa, na akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, waliovaa vitenge vya sare na raba miguuni. Msalaba ulikuwa wa mninga, mrefu kuliko mtu, na mahali unapokaa begani pamelainika kwa mabega ya miaka mingi. Mtu alikuwa amepafunga kipande cha kanga kwa kamba ya katani ili pasikwangue. Tuligawana vituo 14 vya Njia ya Msalaba, sala ya kuyafuata mateso ya Yesu hatua kwa hatua, tangu Buguruni hadi Pugu. Kiongozi anaita, "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru," sisi tunajibu, "Kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu," kisha tunasonga mbele hadi kituo kinachofuata.

Barabara ya Mandela haina usiku. Malori ya bandari yanapita yamebeba makontena, upepo wake unakupiga ubavuni. Tulitembea kwa mstari mmoja, vijana wenye viakisi wakiwa mbele na nyuma. Pale TAZARA, chini ya Daraja la Mfugale, tulisali kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza, na sala yenyewe ilimezwa na honi. Hakuna aliyejali. Tulishika Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege, tukipita kandokando ya ujenzi wa njia ya mwendokasi ya Gongo la Mboto. Palikuwa na mashimo, palikuwa na vifusi, na kiza kilipokuwa kingi ulimwongoza mwenzako kwa mkono.

Aliyeshika mkono wangu mimi alikuwa bibi wa jumuiya yetu. Ameshapita umri wa miaka 70. Sheria ya Kanisa inawataka wafunge watu wa kuanzia miaka 18 hadi 59, tena kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kwa hiyo bibi angeweza kunywa chai yake kwa raha. Hakunywa. Nilipomuuliza akasema, "Mjukuu wangu, nani amekwambia nataka nafuu?"

Lazima niseme nilivyokuwa nimeiingia Kwaresima hii. Niliingia na furaha tele. Mdogo wangu wa kike alikuwa amejifungua mwezi Februari, mtoto wa kwanza wa kizazi chetu, na nyumbani tulikuwa watu wa kucheka tu. Kisha nikaenda kupakwa majivu: kumbuka, u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi. Majivu hayo ni ya matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, yaliyorudishwa kanisani yakachomwa. Moyo wangu ulikuwa bado unaimba, na kwaya ilikuwa imeweka ngoma chini, wimbo wa Utukufu hauimbwi, Aleluya imenyamaza, maua yameondoka altareni. Hata ubatizo wa mtoto tuliuahirisha hadi baada ya Pasaka, na harusi ya binamu yangu nayo vilevile. Kila mwenye kamati ya harusi Dar anajua jinsi kumbi zinavyogombaniwa Pasaka ikishapita. Nilimwambia bibi hayo yote, kwamba nilijiona kama nimevaa nguo za msiba wa mtu mwingine.

Akanyamaza hadi tulipopita Vingunguti. Kisha akanieleza yake. Mumewe alizikwa tarehe 27 Desemba. Kanisa lilikuwa limevaa nyeupe, pango la Noeli liko palepale karibu na jeneza, taa za rangi zinawaka na kuzimika. Watoto wa kwaya walikuwa bado wana sauti za mkesha. "Mimi nimevaa nyeusi," alisema, "na Bwana amezaliwa juzi tu. Nilitaka wazizime zile taa. Halafu nikaona, la, ziache. Kama amezaliwa, basi amezaliwa na kwa ajili ya siku hii pia."

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria neno lake kila nikiangalia kalenda ya kanisa iliyo ukutani kwetu. Majira ya Kanisa hayangoji moyo wa mtu uwe tayari. Majilio, majuma ya kuingojea Noeli, yanakuja kwenye joto la Desemba, vuli ikiwa bado inanyesha, wakati mtu ana haraka ya Kariakoo na nauli ya kwenda nyumbani zimepanda. Yanakwambia subiri, kesha. Kwaresima inakukuta umeneemeka na kukwambia punguza. Pasaka inamkuta mwenye kilio na kumwambia imba. Ndiyo maana siamini tena kwamba kuishi imani ni kutafuta hali fulani ndani yangu kisha nisali kulingana nayo. Ningesali hivyo, ningekuwa na dini ya ukubwa wangu mwenyewe tu. Kanisa linanipa furaha siku ambayo sina, nami naishika kwa niaba ya jirani anayeihitaji; mwaka mwingine yeye anaishika kwa niaba yangu. Katika usiku ule mimi nilikuwa na furaha ndani ya Kwaresima, bibi alikuwa na msiba aliouanza katikati ya Noeli, na tulikuwa tunashikana mkono kwenye vifusi.

Adhana ya alfajiri ilitukuta Kipawa. Msikiti mmoja ulianza, mwingine ukafuata, ukafuata mwingine. Kiongozi wetu akatusimamisha hadi zilipokwisha, kisha tukaendelea na kituo cha sita. Ndege ilikuwa inatua.

Ukonga tulisali kituo cha kumi, Yesu anavuliwa nguo zake, na kiongozi akatuomba tuelekee upande wa gereza. Tuliwaombea wafungwa na askari magereza. "Nalikuwa kifungoni, mkanijia," alisoma kutoka Mathayo sura ya 25. Kwaresima ina miguu mitatu, sala, kufunga na matendo ya huruma, na kwa maoni yangu huu wa tatu ndio tunaouchechemesha. Kujinyima soda ni rahisi. Kumpeleka mtu ile pesa ya soda ndiko kuna kazi. Parokia yetu ina bahasha za kukusanyia tulichojinyima, nazo hurudishwa Pasaka. Bibi yake ilikuwa mfukoni, ameikunja mara nne, na nilivyosikia zinavyogongana zilikuwa ni sarafu tupu.

Mvua ilitupata Gongo la Mboto, saa moja asubuhi hivi. Masika ya kweli, si manyunyu. Kituo cha daladala kilijaa mara moja, watu wa kazini na watu wa msalaba chini ya paa moja. Kijana mmoja aliyeshika mfuko wa vifaa vya umeme akaniuliza kwa nini tusingepanda gari tu, nauli si kubwa. Alikuwa anauliza kwa dhati; yeye kanisani kwao hawana Kwaresima. Nilimwambia kwamba Bwana alifunga siku 40 jangwani, nasi tunamfuata. Kwamba tangu Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, na ukiondoa Jumapili 6, ambazo hazifungwi kwa kuwa kila Jumapili ni Pasaka ndogo, zinabaki 40 kamili. Akafikiri. "Kwa hiyo hata mkiwa kwenye mfungo mnapumzika kufurahi?" Ndivyo. Alilipenda hilo. Basi lake likaja akaondoka.

Baada ya Gongo la Mboto mji unaanza kulegea. Unaupita mnada wa ng'ombe, barabara inapanda, na miti ya vilima vya Pugu inaonekana mbele. Treni ya umeme ilipita upande wa pili, kimya na haraka, kuelekea Morogoro. Tulifika saa mbili na nusu, tumelowa, na vituo viwili vya mwisho tulivisali tukiwa tumepiga magoti kwenye udongo mwekundu. Bibi alikataa kusaidiwa kuinuka.

Pugu ndiko watawa Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Bavaria, walikoanzisha misheni yao mwaka 1888. Januari 1889, wakati watu wa Pwani walipokuwa wanapigana na kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuitwaa nchi, vita ambavyo Abushiri bin Salim ndiye jina lake kubwa, misheni ilivamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Sioni sababu ya kuisimulia habari hiyo kama vile waliovamia hawakuwa na kisa. Nchi yao ilikuwa inachukuliwa, na mzungu mwenye biblia alikuja kwa mlango uleule wa mzungu mwenye bunduki. Lakini wale watatu walikuwa wamekuja kufundisha na kutibu, na damu yao ilimwagika siku chache tu baada ya Tokeo la Bwana, sikukuu ya mamajusi. Kanisa linalijua jambo hilo tangu zamani: tarehe 26 Desemba, siku inayofuata Noeli, ni ya Stefano Shahidi, na tarehe 28 ni ya watoto waliouawa na Herode. Pango halijaondolewa, na mashahidi wanaletwa pembeni yake. Nilimwangalia bibi, nikajua kwamba yeye alikuwa ameshalijua hilo kabla yangu.

Hapa pia ndipo Mwalimu Nyerere alikofundisha, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza ya njia ya kutangazwa mtakatifu. Vijana wetu walipiga picha, wakakaa chini, wakavua viatu.

Masomo ya Misa ya siku ile hatukuyachagua sisi. Hosea: "Nataka fadhili wala si sadaka." Injili ilikuwa ya Farisayo na mtoza ushuru, yule anayejisifu kwamba anafunga mara mbili kwa juma na yule anayesimama mbali akijipiga kifua. Kundi la watu waliotembea usiku kucha kwa miguu, wamelowa na wamejiridhisha, wakasomewa hiyo! Padre hakuongeza maneno mengi. Alisema tukirudi mtaani tusimhesabie mtu yeyote kilomita zetu.

Tulikula mihogo na maharage, tukarudi kwa daladala. Kesho yake ilikuwa Dominika ya Furaha, Jumapili ya nne ya Kwaresima, padre akavaa rangi ya waridi, kinanda kikapigwa kwa nafasi, maua yakarudi kwa siku moja. Nimeshaziona Jumapili kama hiyo tangu utoto bila kuzitambua. Safari hii niliitambua kwa nyayo.

Pasaka yenyewe ilikuwa tarehe 20 Aprili, na mwaka huo hata Waorthodoksi waliisherehekea siku hiyohiyo. Mtoto wetu alibatizwa kwenye mkesha, baada ya mshumaa wa Pasaka kuwashwa na Mbiu, wimbo wa kuutangaza ufufuko, kuimbwa. Asubuhi ya Jumatatu tulikuwa bado tunakula pilau iliyobaki mezani, habari ikaja kwamba Papa Fransisko amefariki. Nyumba ikanyamaza. Mazishi yalifanyika Jumamosi tarehe 26, Siku ya Muungano, watu wako nyumbani. Tulikusanyika kwa jirani mwenye televisheni kubwa. Mshumaa wa Pasaka ulikuwa unawaka karibu na jeneza, na Aleluya iliimbwa palepale, kwa kuwa ilikuwa bado oktava ya Pasaka, zile siku nane za sherehe. Safari hii aliyelia nilikuwa mimi. Bibi alikaa kiti cha mbele, akaimba Aleluya zote kwa sauti yake ile kavu, na mimi nikamwacha aimbe kwa niaba yangu.

Pentekoste ya mwaka huo ilikuwa tarehe 8 Juni. Kabla haijafika, bibi alikuwa ameshaanza kuandikisha majina ya watu wa kwenda Bagamoyo, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Awamu hii tunakwenda kwa basi, alisema, na mwenye kitambaa chekundu, rangi ya Pentekoste, akivae.