Kola iliyolala kama sikio la mbuzi

Nina karakana ndogo ya ushonaji hapa Morogoro, vyerehani vitano na overloki moja inayokohoa. Ikifika Desemba ni sare za shule tu mpaka Januari, na huo ndio msimu wa kugombana na mafundi.

Nilikuwa na kijana anayewashinda wote kwa kasi. Tatizo kola zake: ncha moja imechongoka, ya pili imelala kama sikio la mbuzi. Nikamfokea, tena mbele ya mteja. Kesho yake hakutokea. Wiki nzima nikashona mwenyewe mpaka usiku wa manane, na hasara sitaki hata kuihesabu.

Nikaenda kumbembeleza, akarudi. Ndipo shoga yangu mmoja, mtu wa semina, akanifundisha: anza na sifa, chomeka kasoro, malizia na sifa. Haya. "Mdogo wangu, kwa kasi huna mpinzani. Kola uziangalie kidogo. Ila kwa kweli wewe ndiyo nguzo ya hapa." Akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Dada, nashukuru umeliona mwenyewe. Maana nilikuwa naona aibu kuomba nyongeza."

Kola zikabaki vilevile. Aliyetunga ushauri ule sidhani kama amewahi kulipa mtu mshahara.

Jioni moja wenzake wameshaondoka, nikachukua shati lake, nikaikunja kola katikati, ncha juu ya ncha. Moja ilizidi karibu nusu sentimita. Sikusema neno. Nikamsogezea la pili, akakunja mwenyewe. La tatu. Kufika la sita akaangua kicheko: "Dada, hizi ni baba na mtoto!"

"Inaanzia wapi?" nikamuuliza, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho.

Akasema anakata kwa macho. Chaki iliisha wiki mbili nyuma, akaogopa kuomba kwa sababu nabweka nikisikia neno matumizi. Chaki! Haifiki hata bei ya sahani ya wali maharage. Tukakata pateni ya kola, yaani umbo la kufuatisha kwa chaki, kwenye boksi la sabuni, kesho yake nikaleta chaki za kutosha.

Dada wa vifungo nilimfanyia hivyohivyo, akalia. Yeye anataka umwambie mkiwa mnakula, tena kwa mafumbo.

Juzi kijana kachukua shati nililoshona mimi, akakunja kola, akanisogezea kimya. Ilipinda.

Nilikuwa na usingizi.